Mwenye Jina Ana Mama

Kakamega,
9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, mwili umechoka lakini roho iko sawa. Najua simu hupokei tangu ile siku ulipopigiwa habari za Kaka, na wala sikulaumu. Kwa hiyo nitakuandikia, nawe utanijibu. Usijifanye mvivu wa kalamu, maana mtaa mzima unajua ni nani aliyekuwa akiwaandikia watu barua zao.

Sijui nikueleze vipi huku. Mvua inanyesha kila alasiri, haikosi zamu. Asubuhi ukungu unatoka msituni Isecheno, unavuka barabara, unaingia mpaka barazani kwetu bila hodi. Miti ipo, halafu haipo, halafu ipo tena. Siku za kwanza nilikuwa nakaa kitandani najiuliza kama nimeamka kweli au bado. Hondohondo wakipita juu ya paa mabawa yao yanavuma, na watoto wote wananyamaza. Hata wale wasioona wanageuza nyuso juu.

Kliniki yenyewe ni vyumba vitatu vya bati, lakini watoto ni wengi, wadogo, wa mwaka mmoja hadi mitano. Wengi wana mtindio wa ubongo, wengine miguu imepinda, wengine vichwa vimejaa maji. Mimi nimepewa kazi niliyosomea, mazoezi ya viungo, na jioni tunatengeneza viti vya kuwakalisha. Huwezi kuamini, Mama, tunavitengeneza kwa maboksi na magazeti ya zamani tuliyoyagandisha kwa uji mzito wa ngano. Vikikauka, mtu mzima anakalia. Nilikalia nikacheka peke yangu.

Kuna jambo moja lingekufurahisha, au lingekuudhi, sijui. Kina mama hapa wakikaa mkekani asubuhi kuwachua watoto, wanasimuliana ndoto. Kama sisi tunavyoulizana umeamkaje. Mtu akisema amemwota ndugu yake aliyefariki, kazi zote zinasimama. Alisema nini? Alivaa nini? Maana kwao marehemu akija hivyo huenda anataka mtoto aitwe kwa jina lake. Na mtoto akilia bila kunyamaza, wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo moja moja. Akinyamaza kwenye jina fulani, basi ndilo lake.

Wapo na wasiopata. Kuna mtoto wangu mmoja, miaka mitatu, anaitwa Willis, jina la kanisani. Bibi yake anamtajia majina ya wafu tangu azaliwe, ukoo wa baba na wa mama, na hajageukia hata moja. Shingo yake haishiki kichwa. Anakaa ameinama, anatazama magoti yake, anasikiliza kitu ambacho sisi wengine hatukisikii. Namwonea huruma huyo bibi. Anaitwa Teresa Musimbi, ndiye anayemlea, maana mama yake mtoto yuko Nairobi kazini.

Nitakuwa huku mpaka mwisho wa Julai. Niombee.

Binti yako,
Zaituni


Singida,
2 Aprili 2024

Mwanangu Zaituni,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni, kumbe na hiyo mvua uliifunga kwenye bahasha. Huku hata wingu la kukopa hatuna.

Umeniandikia ukungu, umeniandikia ndege, umeniandikia viti vya uji. Hujaniandikia unakula nini. Mimi nikisoma barua ya mtoto wangu natafuta chakula kwanza, hayo mengine baadaye. Na unalala wapi? Chandarua unacho?

Mimi sijambo. Alizeti tumevuna, si haba. Sare za shule zimenijaa mezani mpaka naziota, ila nimekosea, sioti. Siku hizi silali na ndoto, nalala kama gunia. Sasa hao wenzako wanaosimuliana ndoto asubuhi yote, kazi wanafanya saa ngapi?

Chumba cha kaka yako kimefungwa kama ulivyokiacha. Jirani alitaka nimpangishie mpwa wake, nikamtazama tu, akaondoka mwenyewe.

Mwambie huyo bibi asichoke. Mtoto hawezi kukosa jina duniani pote. Litapatikana tu.

Mama yako,
Mwahija


Kakamega,
20 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nakula ugali, mboga, kuku Jumapili, na chai ya maziwa tupu mpaka suruali zimenikataa. Chandarua ninacho. Sasa nina jambo, na nimelizunguka siku nyingi. Nitalisema tu.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Mvua ya huku ikipiga bati hamsikilizani, kwa hiyo watoto walikuwa wanasinzia na sisi pia. Nilikuwa nimemlaza Willis kifudifudi juu ya blanketi lililoviringishwa, hivyo ndivyo tunavyofundisha shingo, na nimekaa chini mbele yake. Nusu nipo, nusu sipo. Mama, ana masikio ya Kaka. Yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Na akichoka anakunja paji la uso vilevile, upande mmoja tu. Namtazama, namtazama, mdomo ukafunguka wenyewe ukamwita jina la Kaka.

Akainua kichwa.

Nakuapia. Kilipanda kinatetemeka, kikasimama, macho yake yakanijia. Sikuwahi kuyaona macho yake yote mawili kwa pamoja. Ni meusi sana. Halafu kikashuka. Nikaita tena, akainua tena. Nikajaribu Willis, kimya. Nikajaribu majina mengine yaliyonijia, la jirani yetu, la mwalimu wangu, kimya. Nikarudi kwa la Kaka, huyoo, juu.

Mimi nimesoma, Mama, najua habari za misuli na masikio. Nilimwambia Sista Kemunto, muuguzi mkuu wetu, kwamba labda ni mlio wa jina lenyewe unaomgusa. Akacheka, akasema mlio au kisicho mlio, wewe ita. Basi tukaita, kliniki nzima. Mtoto akaanza kushika kichwa mpaka anakunywa kwenye kikombe bila kupaliwa. Bibi yake alikuwa kwake shambani, kupanda mahindi. Nikawa nangoja arudi aone.

Akarudi, akasikia, akaona. Nilidhani ataruka. Alikaa chini. Akauliza, hilo jina ni la nani? Nikasema la kaka yangu, alifariki mwaka juzi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe alikuwa njiani." Nikahisi kama ukungu ule wa asubuhi umenipita mgongoni.

Halafu akasimama akatukataza wote. Mtu yeyote asimwite tena mtoto kwa jina hilo. Akaniambia mwenye jina ana mama, na mama yake yu hai. Marehemu mwenye mama haokotwi kama pera lililoanguka njiani. Mama yake aombwe. Akikubali, mtoto ataitwa mbele ya watu. Akikataa, basi, ataendelea kungoja.

Nilimsihi, nikamwambia hata kwa mazoezi tu. Alikataa katakata. Na Willis amerudi kutazama magoti yake, na kikombe kinampalia tena.

Mimi sikujua kwamba huku kumwita mtoto jina la aliyekufa ni jambo kubwa hivyo. Niliita tu kwa sababu nilimkumbuka. Ndiyo, Mama, nimemkumbuka, na nyumbani hatumtaji, nikabaki nalo jina kooni. Sitaliandika hapa, najua hutaki. Lakini ninaomba. Wewe mwenyewe uliandika mtoto hawezi kukosa jina duniani pote.

Wako,
Zaituni


Singida,
11 Mei 2024

Zaituni,

Salamu baadaye.

Nani alikupa ruhusa? Mimi nimefunga mdomo wangu miaka miwili, wewe unakwenda kulitangaza jina lake kwenye mvua za watu, wanaliita wauguzi, wanaliita wapishi, mimi nipo hapa sina habari? Hata haya huna?

Kaka yako hayuko njiani wala msituni. Yuko kwa Mola wake, na mimi nilimsindikiza kwa macho yangu. Mwambie hivyo huyo bibi.

Jina nilimpa mimi. Limo humu ndani ya nyumba pamoja na mimi, halijatoka mlangoni. Ndicho kitu chake pekee ambacho hakikuzikwa. Sasa unataka nilifunge kwenye bahasha, nibandike stempu, nilipeleke posta? Nikishalitoa, mimi nitabaki na nini? Hebu nijibu hilo kwa elimu yako.

Mtoto namhurumia, wallahi. Nimesoma hapo alipopaliwa nikaweka barua chini. Lakini hapana. Mfundisheni la kwake. Na usiniandikie tena habari hii. Andika unakula nini.

Mama yako


Kakamega,
3 Juni 2024

Kwa Mama Zaituni,

Habari ya huko Singida. Mimi ndio Teresa Musimbi, kukhu wa Willis, nyinyi mnasemanga bibi. Naandika mwenyewe. Nilikuwa mpishi wa shule ya nasari miaka mingi na kuandika najua, ni vile mkono iko pole.

Barua yako Zaituni alinisomea. Hakutaka. Lakini nilimwona uso nikamwambia soma yote, hata pale ananitukana usiruke. Hukunitukana sana, asante.

Kwanza ujue sijakasirika. Ungesema ndio haraka haraka mimi ningeogopa. Mama mwenye anapeana jina ya mtoto wake kama mtu anapeana chumvi kwa jirani, huyo ningeuliza maswali mingi. Vile umekataa, nimejua kijana alikuwa na mtu.

Msichana wako ni mzuri. Ananisalimianga Shikamoo kila asubuhi mpaka nimeanza kutembea kama chifu. Shida yake ni kula. Anasema anakula, lakini obusuma, ugali yetu, anaishikanga na vidole viwili. Nitamnyoosha kabla arudi.

Sasa nikuambie yetu, ndio usifikirie mimi ni mtu wa mambo ya giza. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya. Lakini sisi hapa mtu akikufa hakatiki. Baba yangu alikuja kwa ndoto yangu amebeba jembe, akaniambia huku nje kuna baridi. Nilikuwa na mimba. Kijana alizaliwa nikamwita yeye, Makhanu. Huyo kijana sasa ni mzee na ndevu, na mpaka leo nikitaka kitu namwambia, "Baba, niletee maji," na yeye ananijibunga, "Ngoja kidogo, mtoto wangu." Tunachekanga. Lakini kuna siku hatucheki, Mama Zaituni. Kuna siku naumwa, anakuja anashika mkono yangu anasema mtoto wangu, na mimi najua ni nani ananishika.

Umeuliza utabaki na nini. Msichana wako alisoma hapo akalia. Mimi nakujibu. Jina ya baba yangu haikutoka kwa kaburi yake. Iko pale, na iko hapa inakunywa chai. Ukimpa Willis, wewe utakuwa mama yake. Si kwa mdomo. Akioa, unaitwa. Akikosea, unaambiwa. Akiugua, tunakutafuta. Hiyo ndio utabaki nayo, na ni kazi, sikudanganyi.

Kitu ingine. Niliota. Kijana mrefu amesimama kwa mlango ya kliniki, nguo imelowa maji. Nikamwambia karibu ndani. Hakuingia. Nikamuuliza mbona husogei, akasema, "Sijatumwa." Nikaamka. Nimewaambia wamama kwa mkeka na hakuna mtu alicheka.

Hata kama utakataa mpaka mwisho, nijibu hii moja, kwa sababu imeninyima amani. Kwetu hatupeani jina bila kujua mwenyewe alikuwa mtu wa aina gani. Alikuwa mkali? Alikuwa mwizi, Mungu anisamehe? Alichekanga? Alipenda kula nini? Na alikufa aje? Zaituni nimemkataza kunijibu. Hiyo ni ya mama.

Willis shingo imelala. Ukiweka mkono kwa kidevu umwinue, anakuangalia kidogo, halafu anarudi chini kwake. Mimi sina nguvu ya kumtajia majina tena. Yote imeisha.

Ni mimi,
Teresa Musimbi


Singida,
24 Juni 2024

Bi. Teresa,

Assalaam aleikum. Nilisema sitaki habari hii tena, na hii ni barua. Ndivyo mlivyonifanya.

Kwanza kabisa, mwanangu hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi, kama mimi, na alikuwa akikanyaga tofali ili afikie rafu ya juu. Pili, hangeambiwa karibu akasimama mlangoni. Yeye alikuwa hapigi hodi, anakwenda moja kwa moja kwenye chungu, anafunua, anachovya kidole, ndipo anasalimia. Kwa hiyo huyo uliyemwota ni wa mtu mwingine. Mpe nguo kavu aende kwao.

Umeuliza kama alikuwa mkali. Hapana. Alijaribu mara moja, alipokuwa na miaka kumi na tano, alinunia nyumba nzima kwa sababu ya shati. Akanuna asubuhi, mchana akasahau, jioni akakumbuka kwamba amenuna, akacheka mwenyewe. Kucheka ndiyo ilikuwa shida yake. Alikuwa akianza kisa anacheka kabla hajafika mwisho, basi hatukuwahi kujua mwisho wa kisa chake hata kimoja. Mimi nilikuwa nacheka tu kwa sababu anacheka.

Mwizi alikuwa. Mwizi wa nyama chunguni, na hapo siwezi kumtetea. Alipenda ugali wa uwele na mlenda. Zaituni ananiambia na nyinyi mnapika mlenda, mnauita mrenda. Kama ungempikia ungemaliza unga wako wote. Kazi yake ilikuwa ufundi wa pikipiki. Mikono yake haikutakata hata sikukuu, nilikuwa naisugua mwenyewe kwa limau akiwa mtu mzima na masharubu, ameninyooshea kama mtoto.

Umeuliza alikufaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote walikuwa wanajua, wakanipa pole, wakainamisha macho. Alikufa barabarani, mchana, pikipiki na lori. Nilikuwa na sare za shule nazishona, uzi mweupe ukanikatikia. Nikamwita, akaja, nikamtuma dukani. Akasema, "Mama, narudi sasa hivi," na akacheka, sijui alikuwa anacheka nini.

Wewe kijana wako kwenye ndoto alikwambia hajatumwa. Wangu nilikuwa nimemtuma. Tangu siku ile, Bi. Teresa, sijamtuma mtu kitu. Chumvi nafuata mwenyewe. Na jina lake sijalitamka, kwa sababu mara ya mwisho nilipolitamka, alikuja.

Hayo ndiyo majibu yako. Nimeandika tangu adhuhuri, cherehani imesimama, na nimejikuta nacheka hapo kwenye shati. Sijui umenifanya nini wewe mwanamke.

Sijasema ndiyo. Umeuliza alikuwa mtu gani, nimekujibu hilo tu. Huyo mtoto mtengenezee kiti chenye mgongo mrefu, Zaituni anajua. Na mlenda ni laini, hautampalia.

Mwahija


Singida,
30 Juni 2024

Kwa Hango,
kwa mkono wa Bi. Teresa Musimbi, Kakamega

Mwanangu Hango,

Mimi ni mama yako wa Singida. Zaituni akusomee taratibu, karibu na sikio, na asianze kulialia kabla hajafika mwisho.

Leo nimeanua nguo kwenye kamba, nikaweka beseni chini, nikakuita. Uani, kwa sauti, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. Hango! Kuku walikimbia huku na huku. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona ni mimi, akarudi ndani polepole. Nikangoja. Jua lilikuwa linashuka na vumbi limesimama hewani, jekundu, halianguki, nikaona kama dunia nzima inangoja pamoja na mimi. Nikaita tena. Hango! Nikaita na mara nyingine, maana nilikuwa nimeshaanza na mdomo haukutaka kufungwa.

Hakuna aliyeitika, baba. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa bado sijajua kuwa amekufa. Nikakaa palepale karibu na beseni nikalia, nikalia mpaka maghribi, halafu nikainuka nikatawadha nikaswali. Nikala. Nililala nikaota, ila ndoto yangu ni yangu, simwambii mtu, hata huyo bibi yako.

Jina hili lilikuwa la babu yangu, mzaa mama. Kisha nikampa mwanangu. Sasa nimekupa wewe. Bi. Teresa akuite mbele ya watu wenu, kwa desturi yenu, na mimi huku nitasoma dua na kuwapikia watoto wa mtaa. Chumba chako kipo hapa. Nimekifungua, nimefagia, nimetoa godoro nje juani. Siku ukija utalala humo.

Usiogope lile neno la kazi alilosema bibi yako. Kazi ni yangu. Yako ni kula, na kucheka ukiweza, na kuiba nyama ukipata nafasi.

Ila kuna moja nakutuma, na sijamtuma mtu tangu siku nyingi, kwa hiyo usiniangushe. Hapa nimekuita hukuitika. Huko watakuita. Itika.

Mama yako,
Mwahija